Makosa ya mtandao ni nini? Maelezo kutoka kwenye mwavuli wa wakala, Kirumba

Mama mmoja muuza dagaa, mwenyeji wa Nansio kisiwani Ukerewe, alipita kwenye mwavuli wangu wa uwakala wa pesa za simu hapa Kirumba, Mwanza, akitoka polisi. Alikuwa amelizwa shilingi 380,000, lakini siku hiyo kilichomkera zaidi ya hela ni neno. Askari alikuwa amemwambia shauri lake linaitwa kosa la mtandao. "Mwanangu," akaniambia, "mtandao haujakosea kitu. Ulikuwa unashika vizuri kabisa. Aliyekosea ni mtu."

Nilicheka, ila mama alikuwa na hoja. Kwetu mtu akisema mtandao, wazo la kwanza ni minara ya simu: mtandao umekata, mtandao unasumbua, mtandao gani una bando nafuu. Intaneti ilipokuja ililikuta neno tayari lina mwenyewe. Ndiyo maana makosa ya mtandao husikika kama hitilafu fulani ya mnara, wakati wanasheria wanamaanisha makosa ya jinai yanayotendwa kwa kutumia kompyuta, simu na mawasiliano yake, au yanayotendwa dhidi ya vifaa hivyo na taarifa zilizomo ndani yake.

Sentensi hiyo ina makundi mawili, na yanafaa kutenganishwa. Kundi la kwanza, kifaa chenyewe ndicho kinachoshambuliwa. Mei 2017 programu hasidi iliyoitwa WannaCry ilifunga mafaili ya kompyuta katika nchi zaidi ya 150 na kudai fidia ili iyafungue. Huko Uingereza hospitali ziliahirisha miadi ya wagonjwa. Kundi la pili ni uhalifu wa zamani uliopata usafiri mpya: utapeli, vitisho, kujifanya mtu mwingine, kuchafuana majina. Hapa mwaloni, kwenye soko la samaki, la kwanza sijalishuhudia kwa macho. La pili linapita mbele yangu kila wiki, kwa hiyo ndilo nitakaloliongelea kwa kirefu.

Mama wa Nansio alikuwa na deni la nauli ya mzigo kwa mwenye boti. Asubuhi ile ikaingia meseji: "Ile hela tuma kwenye namba hii, ile nyingine ina shida. Jina litakuja..." na jina la mwanaume likafuata. Akaona ni mwenye boti kabadilisha namba. Akatuma, tena akaweka na ya kutolea. Jioni mwenye boti halisi akapiga simu kudai chake.

Swali lake, na ndilo swali la karibu kila aliyelizwa: alijuaje kwamba nadaiwa? Hakujua. Hapa ndipo watu wengi wanapomkuza tapeli bure, wakidhani ana mitambo ya kusikiliza simu zao au ana mganga Gamboshi, kile kijiji kinachosifika kwa uchawi. Anayefahamu uvuvi wa dagaa ataelewa haraka. Mtumbwi wa dagaa haukimbizi samaki. Usiku wa giza wavuvi wanawasha karabai, siku hizi taa za sola, na dagaa wanakuja wenyewe kwenye mwanga. Meseji ile ni karabai. Imetumwa kwa namba nyingi bila kuchagua, na katika watu wengi kiasi hicho hawakosekani wanaodaiwa kodi, ada au nauli ya mzigo asubuhi ileile. Wewe uliyekuwa hudaiwi uliisoma ukaifuta, ukasahau. Ambaye alikuwa tayari ameshika simu kutuma hela, kwake ilisomeka kama meseji aliyokuwa anaisubiri.

Angalia pia ile "jina litakuja fulani". Tapeli anajua kwamba kabla muamala haujakamilika simu inakuonyesha jina la mpokeaji, na kwamba jina hilo ndilo breki yako ya mwisho. Kwa hiyo anakutajia mapema. Jina likija kama alivyosema, moyo unatulia, ingawa ulichothibitisha ni kwamba tapeli anajua laini yake imesajiliwa kwa jina gani. Basi.

Na jina lile ni la nani? Kuanzia Januari 2020 laini zisizosajiliwa kwa alama za vidole na kitambulisho cha NIDA zilianza kuzimwa. Wengi tulidhani utapeli umefika mwisho, maana kila namba sasa ina mwenyewe. Kilichotokea ni kwamba wahalifu wakaanza kutafuta vidole vya watu. Msajili wa laini anayetembea na kifaa chake mtaani au gulioni anamwambia bibi, "Haijasoma, weka tena kidole." Bibi anaweka. Mara ya kwanza ilikuwa imesoma vizuri. Ya pili inasajili laini nyingine ambayo bibi hataiona maishani mwake. Laini hiyo inauzwa, inalizia watu, na siku polisi wanafuatilia jina wanafika kwa bibi anayepalilia viazi vyake. Siwasemi wasajili wote, wengi wanatafuta riziki halali juani kama mimi. Lakini ukiambiwa weka kidole mara ya pili, una haki ya kuuliza ya kwanza imeenda wapi.

Zamani, kabla ya M-Pesa kuingia nchini mwaka 2008, hela ya kwenda visiwani ilisafiri mfukoni mwa mtu, ndani ya meli, na ukilizwa ulijua umkamate nani bandarini. Sasa hela inavuka ziwa kabla hujamaliza kufunga simu. Kasi hiyohiyo ndiyo inayomsaidia mwizi kuitoa kwa wakala wa mkoa mwingine kabla hujashtuka.

Utapeli wa pili ni tofauti na karabai. Huu ni wa ndoana: umechaguliwa wewe, na chambo kimetafutwa kinachokufaa. Mara nyingi unapitia WhatsApp. Mtu unayemfahamu, tuseme mwenyekiti wa kikoba chenu, anakuandikia: "Nimetuma namba sita kwako kwa bahati mbaya, nisomee." Unamsomea. Kumbe mwenyekiti alishaporwa akaunti yake jana, na zile tarakimu sita ni ufunguo wa akaunti yako wewe, uliotumwa na WhatsApp kwa sababu kuna mtu anajaribu kuifungua kwenye simu nyingine. Dakika chache baadaye wana kikoba wote wanapata ombi la mkopo wa dharura kutoka kwako, kwa picha yako na jina lako. Kinga yake ni uthibitisho wa hatua mbili, ambao uko kwenye mipangilio ya akaunti: unaweka namba yako ya siri ya ziada, na mwizi hata akipata zile sita hatavuka. Ukiwa umeshaporwa, isajili upya namba yako kwenye simu yako haraka, na yeye atatolewa. Akikuwahi kuweka namba ya siri ya kwake, itakubidi usubiri siku saba, kwa hiyo wapigie simu watu wako mapema wasije wakachangia.

Kuna na hili la laini kunyakuliwa. Mwanza tuna mawe, na kuna mitaa nyuma ya vilima ambako simu ikikosa mnara hatushangai. Lakini ukiwa katikati ya mji, laini yako imekufa ghafla na ya jirani wa mtandao uleule inashika, usiisingizie miamba. Huenda kuna mtu ameenda kuirudisha laini yako kwa jina lako, na meseji zote za benki sasa zinaingia kwake. Azima simu, piga huduma kwa wateja hapohapo.

Halafu mikopo ya simu, mtaani tunaiita kausha damu kama mikopo mingine ya riba za kunyonya. Unapakua programu, inaomba ruhusa ya kusoma majina yote kwenye simu, unakubali kwa sababu una shida. Ukichelewa kulipa, shemeji yako, mchungaji wako na bosi wako wanatumiwa meseji kwamba wewe ni mdaiwa sugu. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitoa orodha ya programu 69 zilizokuwa zinakopesha bila leseni. Kusambaza aibu ya mtu kwa namna hiyo kunagongana pia na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, ambayo ina tume yake ya kupokea malalamiko. Kukopa kwako hakumpi mkopeshaji ruhusa ya kukuanika.

Sasa sheria yenyewe. Sheria ya Makosa ya Mtandao ilitungwa mwaka 2015 na ikaanza kutumika Septemba mosi mwaka huohuo. Wengi waliisikia kwa ajili ya kifungu cha 16, cha kusambaza taarifa za uongo, ambacho wanahabari na watetezi wa haki walikilalamikia sana. Mjadala ule ulikuwa wa lazima, ila ulifunika vifungu vinavyomhusu muuza dagaa. Kifungu cha 12 ni cha udanganyifu kwa njia ya kompyuta: faini isiyopungua shilingi milioni 20 au mara tatu ya alichojipatia mhalifu, au kifungo kisichopungua miaka saba, au vyote. Kifungu cha 15 ni cha kujifanya mtu mwingine. Na usidhani kitochi chako kiko nje kwa sababu sheria inasema kompyuta. Imetafsiri mfumo wa kompyuta kwa upana unaoingiza hata hicho.

Tapeli wa meseji ni mtu wa mbali. Niseme na la karibu, ambalo watu hawapendi kuliita uhalifu. Wazee wengi wakija kutoa hela wananikabidhi simu na kunitajia namba ya siri kwa sauti, foleni nzima inasikia. Kwa namba za siri nilizowahi kutajiwa, ningekuwa mwizi sasa hivi ningekuwa na ghorofa Capri Point kwa matajiri. Nyumbani ni hivyohivyo: mjukuu ndiye anayejua namba, mjukuu ndiye anayepunguza elfu tano tano, na bibi anaamini makato yamepanda. Kisheria mjukuu hana tofauti na yule wa meseji. Namba ya siri isiwe mwaka wako wa kuzaliwa, na kama macho hayaoni vizuri, mwombe wakala akufikishe kwenye menyu, kisha ya siri ubonyeze mwenyewe hata ukichukua dakika tano. Foleni itasubiri.

Sisi mawakala nasi tunapigwa. Mteja anakuja na haraka, anakuonyesha meseji ya "umepokea", umpe hela taslimu. Meseji inaandikika na mtu yeyote, salio haliandikiki. Nilishatoa hela mara moja kwa kuamini meseji, floti yangu, yaani mtaji wa kazi, ikapungua kwa ujinga wangu mwenyewe, na tangu hapo naangalia salio kwanza hata mteja akinuna. Kanuni hiyo inakufaa na wewe pale mtu anapopiga akilia kwamba amekosea kutuma hela kwako. Angalia salio. Kama haijaingia, ni tapeli. Kama imeingia kweli, usimrudishie kwa mkono wako. Mwambie apigie mtandao wake waurudishe muamala. Ukimrudishia mwenyewe, naye akaomba muamala urudishwe, utakatwa mara mbili.

Akipiga mtu akijitambulisha kuwa ni huduma kwa wateja, tazama namba. Huduma kwa wateja ya mitandao yetu ni 100. Anayepiga kwa namba ya kawaida ya tarakimu kumi na kukuelekeza ubonyeze nyota hii na reli ile, kata simu. Hutakuwa umekosa adabu.

Ukishapigwa, muda ndio kila kitu. Piga 100 kwanza, eleza, hela izuiwe kama bado ipo. Usifute meseji hata kama inakutia uchungu kuiona. Ile na namba ya muamala ndio ushahidi wako. Namba ya tapeli itume kwenda 15040, ambayo TCRA, mamlaka ya mawasiliano, imeiweka kwa kazi hiyo, kisha nenda polisi ukafungue shauri. Ukiwa umechelewa hela huenda usiione, lakini laini hiyo ikifungwa haitamliza mwingine kesho.

Hela ya mama wa Nansio ilikuwa imeshatolewa. Tulipomaliza kulalamika nikamwambia apige *106#, afuate maelekezo, aone ni namba ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chake. Anatumia moja tu tangu awe na simu. Zikatokea mbili.

Tukaongozana hadi kwenye duka la mtandao. Binti wa mapokezi akazisoma, akauliza, "Mama, hii ya pili unaitumia?"

"Siitumii," mama akamjibu. "Yenyewe ndiyo inanitumia."