Mchana kiboko yuko wapi? Kuhusu kutembea kando ya Ruaha Mkuu

"Kaka, si viboko mchana wako majini?"

Nimeulizwa tena wiki hii, na kama kawaida aliyeuliza alikuwa ananitoa wasiwasi, hakuwa anataka jibu. Kiboko mchana analala mtoni, jioni anatoka kula majani, alfajiri anarudi. Kwa hiyo jua likishachomoza, njia ya kando ya mto ni yetu. Hivyo ndivyo wengi tulivyofundishwa darasani, na kwa mto wenye maji maelezo hayo yako sawa. Tatizo ni kwamba wageni ninaowaongoza kwa miguu wanakuja kuyatumia Hifadhi ya Taifa ya Ruaha mwezi wa Oktoba, kwenye mto ambao sehemu kubwa ni mchanga.

Tuanze na mto wenyewe, maana bila kuuelewa huwezi kuelewa njia zake. Maji ya Ruaha Mkuu yanashuka kutoka milima ya Uporoto na Kipengere, yanaingia tambarare ya Usangu, kisha yanatulia kwenye kinamasi cha Ihefu. Kutoka Ihefu yana mlango mmoja tu, kizingiti cha mwamba pale Ng'iriama. Maji ya kinamasi yakiwa juu ya mwamba ule, mto wa chini unatiririka. Yakishuka chini yake, halivuki hata tone, ingawa huko nyuma kinamasi bado kina maji. Mtu anaweza kusimama Ihefu akaona maji mengi na asiamini kwamba hifadhini tembo wanachimba mchanga.

Mwaka 1993 ndipo mto ulipoanza kukauka ndani ya hifadhi, na tangu hapo kila kiangazi unakatika kwa wiki kadhaa, miaka mingine kwa miezi. Maji mengi ya kiangazi yanaishia kwenye mifereji ya mashamba ya huko juu kabla hayajafika Ihefu. Mchele wa Mbarali, huko huko Usangu, tunaula sote, kwa hiyo sitaki mtu asome hapa kwamba nawalaumu wakulima. Ninachosema ni kwamba mto tunaotembea kandokando yake si ule ulioandikwa kwenye vitabu vya zamani, na kiboko wa mto huu amebadilisha ratiba.

Fikiria dimbwi moja lililobaki kwenye mwamba, refu kidogo kuliko basi, viboko wamejazana humo mpaka mgongo wa huyu uko ubavuni mwa yule. Dume mwenye nguvu ndiye mwenye dimbwi. Madume wengine wanapigwa na kufukuzwa. Wanakwenda wapi? Baadhi wanapanda na mkondo mkavu kutafuta dimbwi jingine, wakati mwingine mbali sana. Wengine wanaingia kwenye kichaka kilicho karibu na kulala humo mchana kutwa, kwa sababu ngozi ya kiboko haivumilii jua: inapoteza maji haraka na kupasuka. Kichaka chenye kivuli kizito kando ya Ruaha ni mswaki. Ule mswaki uliofungamana, matawi yamegusa ardhi, ambao mgeni anautazama na kuona pazuri pa kupumzika kidogo, kiboko naye ameuona hivyo hivyo.

Halafu kuna njaa. Kiboko mmoja anahitaji kama kilo 40 za majani kwa usiku mmoja. Mwezi wa Juni anazipata hapo hapo ukingoni. Oktoba ukingo umeshakuwa vumbi, kwa hiyo anakwenda mbali, anachelewa kurudi, na saa mbili asubuhi unaweza kumkuta njiani bado. Ndiyo maana "mchana wako majini" inanikera. Si uongo mtupu, ni ukweli wa msimu mmoja unaotumiwa kwenye msimu mwingine.

Sasa njia. Watu wanaponiandikia wanauliza njia zina urefu gani, zimewekwa alama, zina ramani? Kule Udzungwa ndiyo, kuna njia zilizochongwa, unapanda kwenda maporomoko ya Sanje na unajua unatokea wapi. Bondeni Ruaha hatufyeki njia. Tunatembea kwenye njia za wanyama, na kila njia ina mwenyewe. Ukishajua mwenyewe ni nani, nusu ya kazi imekwisha.

Ya tembo ni pana, laini, imeshindiliwa kama sakafu ya udongo, na inapanda na kushuka kwa mteremko wa kistaarabu kuliko barabara nyingi za kwetu Iringa. Ya nyati haina umbo moja, ni vijia vingi vinavyoachana na kukutana, kinyesi kila mahali. Ya kiboko haifanani na nyingine yoyote. Miguu yake ni mifupi na imeachana, tumbo liko chini, kwa hiyo anachora mifereji miwili sambamba na kuacha tuta la majani katikati. Hata mtoto ukimwonyesha mara moja hasahau.

Kwenye njia hiyo tazama vichaka vya pembeni, usawa wa goti mpaka kiunoni. Kiboko anapokunya anapiga mkia kushoto na kulia, kinyesi kinarukia matawi. Kikikauka kinakuwa cha rangi ya majani makavu na kinapukutika ukikigusa. Kikiwa kibichi kinang'aa, cha kijani iliyoiva, na nzi wako juu yake. Ukikuta kibichi saa tatu asubuhi, acha kujadili ratiba ya viboko. Angalia na chini: unyayo wenye vidole vinne vilivyotanuka, kingo zake bado kali, mchanga haujaanza kumwagikia ndani. Huyo amepita sasa hivi.

Kuna sehemu moja ambayo siachi kuisema, nayo ni kata ya ukingo, yaani pale ukingo ulipokatwa. Mto ukiwa mkavu, kingo zake zinabaki zimesimama kama ukuta, mahali pengine ndefu kuliko mtu. Ukitaka kushuka mchangani, unatafuta mahali penye mteremko. Mteremko huo umechimbwa na nani? Viboko, kwa miaka mingi ya kupanda na kushuka. Ni korongo jembamba, kuta mbili, kona katikati, huoni mwisho wake. Mgeni anaipenda kwa sababu ni rahisi kushuka. Mimi sishuki hapo kabla askari wa hifadhi hajasimama juu na kuona pande zote mbili, na kundi halishuki kwa pamoja. Ukikutana na kiboko mle ndani, hana pa kupita ila pale uliposimama, na anakimbia kama kilomita 30 kwa saa. Hapo hakuna ujanja.

Hapa ndipo ninapotofautiana na mafunzo ya waongozaji. Kanuni inasema: usisimame kati ya kiboko na maji. Nzuri sana. Lakini maji yakiwa hayapo, "kati" ni wapi? Kiboko aliyelala mswakini akishtuka, atakimbilia dimbwi lililo nusu kilomita chini, au kichaka cha jirani, au dimbwi lililokauka wiki iliyopita ambalo miguu yake bado inalijua? Nimewaona wakifanya yote matatu. Kwa hiyo sitegemei kanuni hiyo kiangazi kikikolea. Ninachotegemea ni njia zake: popote anapokwenda, mara nyingi atafuata mfereji wake mwenyewe. Usisimame kwenye mifereji ile miwili, usipumzike juu yake, usiweke mkoba wako hapo ili upige picha.

Na zile kanuni za kukaa mita hamsini au mita mia kutoka kwa kiboko, sina imani nazo. Mita mia mbele ya kiboko aliye majini na anakutazama ni nyingi. Mita mia mbele ya kichaka usichoona ndani si chochote. Ushauri wa "panda mti" nao unadhani mti upo karibu, una tawi la chini, na wewe unaweza kuupanda umevaa buti. Jaribu kupanda mbuyu.

Waongozaji wenyewe tunabishana: utembee juu ya ukingo au chini mchangani? Wapo wenzangu wazuri, wazoefu kuliko mimi, wanaopenda mchanga wa katikati kwa sababu unaona mbali. Wana hoja. Ila mchangani ndiko tembo wanakochimba visima, na chini ya ukingo wenye kivuli ndiko simba wanakosubiri wanaokuja kunywa. Isitoshe, upepo ndani ya mkondo unazunguka. Natembea na soksi ndogo yenye jivu laini, naitikisa kila baada ya muda. Juu ya ukingo jivu linakwenda upande mmoja, nikishuka mtoni linakwenda mbele, linasita, linanirudia usoni. Mahali ambapo harufu yako inakwenda kila upande, huwezi kupanga lolote. Mimi nachagua juu, na sio pembeni kabisa ya ukingo, bali nje ya ukanda wa mswaki, kwenye uwazi wa migunga. Mto tunaukaribia mahali tulipochagua, tukishapaona kwanza kwa darubini.

Mengine nayapitisha haraka. Usivae bluu wala nyeusi, mbung'o wanazifuata. Buti zilizozoea mguu, maji ya kutosha kuliko unavyodhani. Askari wa hifadhi mwenye silaha ni lazima, na akisema simama, unasimama bila kumuuliza kwa nini.

Kuna jambo linalonisumbua zaidi ya usalama wetu. Madimbwi yale ya mwisho ndiyo uhai wa kila kilicho pale. Kundi la watu wanane likitokea ukingoni hata kimya, viboko wananyanyuka, maji yanachafuka, dume anafukuza wenzake upya, na swala waliokuwa wakisubiri zamu wanarudi porini bila kunywa. Kitabu cha mafunzo kinasema tuwe kimya na tusikae muda mrefu. Sijaridhika kwamba inatosha. Tunalipwa kuonyesha mahali ambapo pengine hatukupaswa kufika kabisa msimu huo, na hili tunalizungumza sisi kwa sisi usiku, si mbele ya wageni.

Uamuzi wangu kwa sasa ni huu. Juni mpaka Agosti natembea kando ya Ruaha wenyewe, maji yakiwepo, na hapo ule usemi wa viboko kuwa majini una nafuu, ingawa mifereji yao bado tunaikwepa. Kuanzia Septemba inapoishia, kundi nalipeleka kwenye mito ya mchanga kama Mwagusi na Mdonya, ambako tunasoma nyayo na visima vya tembo, tukiyaacha madimbwi ya viboko yatazamwe kutoka ndani ya gari. Desemba mvua zikishika, nyasi zinapanda mpaka kifuani na huoni unakokanyaga, kwa hiyo safari za miguu nazisimamisha. Anayetaka kuja Oktoba na sharti lake ni kufika kwa miguu mpaka ukingo wa dimbwi, atafute mwongozaji mwingine.