Mafuta ya zeituni si ya kupaka tu

Hapa Kigoma, chupa ndogo ya mafuta ya zeituni hukaa pamoja na dawa. Wengi huamini ni ya kupaka watoto au ya kuombea, na kwamba kuyala ni hatari. Si kweli. Watu wa Hispania, Italia na Tunisia huyapikia kila siku, na Hispania ndiyo inayoongoza duniani kwa kuyazalisha.

Sisi tuliozoea kula mawese, ambayo nayo ni mafuta ya tunda, tungepaswa kulielewa hili upesi kuliko wengine. Mawese hukamuliwa kutoka nyama ya chikichi, ilhali mafuta ya mise hutoka kwenye kiini cha mbegu yake. Mafuta ya zeituni nayo hutokana hasa na nyama ya tunda. Tunda lenyewe, likiwa bichi, ni chungu mno; ndiyo maana hulowekwa kwenye maji ya chumvi kabla ya kuliwa.

Tahadhari ipo, nami naisisitiza: soma lebo. Mafuta yaliyotengenezwa kwa ajili ya ngozi yanaweza kuwa na manukato au mchanganyiko mwingine, hayo yasifike jikoni kabisa. Yaliyoandikwa kuwa ni ya chakula, kaangia mayai, ungia maharage, au nyunyizia kachumbari.