Kwa nini pikipiki ya majini iliyozimika hunywa maji ikikokotwa?

Mimi wa Nairobi nilidhani kukokota pikipiki ya majini iliyoharibika ni kama kuvuta matatu mbovu Mombasa Road: funga kamba, toa gia, twende. Injini imezimwa, itakunywaje maji? Kumbe kuzimwa ndiko kunakoiponza.

Chombo hiki hakina panga boi la nje. Pampu iliyo ndani hufyonza maji chini ya tumbo na kuyafyatua kwenye tezi, yaani nyuma. Maji kidogo huchepushwa kwa mpira mwembamba kwenda kupooza injini, kisha hutoka pamoja na moshi.

Sikujua kwamba moshi ndio unaoyafukuza. Tia mrija kwenye soda, upulize: maadamu unapuliza, soda haipandi. Acha, itapanda. Sasa fikiria mtu anaisukuma kutoka chini. Ndivyo mwendo wa kukokotwa unavyofanya. Maji hupanda mpira, hujaza sailensa, na yakizidi hurudi hadi kwenye silinda. Gari kwenye mafuriko hunywa kwa pua. Hii hunywa kwa ekzosi!

Chukua bomba la sindano lenye hewa, ziba mdomo, sukuma: litabonyea. Lijaze maji: halisogei. Pistoni ikikutana na maji, kisha mtu apige stata kwa matumaini, konrodi, ule mkono unaoshika pistoni, inaweza kupinda.

Dawa ni kubana mpira huo kati ya pampu na injini kabla ya kuvuta, au kwenda polepole. Vitabu vingi vya watengenezaji hutaja kilomita 8 kwa saa. Modeli hutofautiana, kwa hiyo kitabu cha chombo chenyewe ndicho hakimu. Ukisahau kufungua kibanio ukiwasha, injini inaweza kuungua.

Kwenye mawimbi makali, kama ya msimu wa kusi, ile kilomita 8 haina maana sana: wimbi lenyewe hukisukuma chombo kasi kuliko kamba. Tena bila injini hakuna usukani, maana kinageuzwa na maji yanayofyatuliwa. Basi bana mpira, funga kamba ndefu inayoelea kwenye pete ya omo, yaani mbele (inayozama hufyonzwa na pampu ya anayevuta), na mkae nje ya pale mawimbi yanapovunjika. Urefu wa kamba urekebishwe ili vyombo vipande na kushuka wimbi pamoja, isije ikalegea kisha ikakaza ghafla. Isizungushwe mkononi, na kisu kiwe karibu.