Je, wajua kwa nini ardhi ya Goma hupasuka?

Mwezi Mei 2021, siku chache baada ya Nyiragongo, volkano iliyo juu ya mji wetu wa Goma, kutapika moto, ufa ulifunguka katika barabara ya mtaa wetu. Asubuhi ulikuwa mstari mwembamba tu, mtoto angeuruka bila kuuona. Jioni mtu aliweza kutumbukiza mkono mpaka kwenye kiwiko. Nilipiga magoti nikachungulia. Lami ilikuwa imekatika, na chini yake jiwe jeusi la volkano ya mwaka 2002 nalo limekatika, ukingo wake mkali kama chupa iliyovunjika. Pembeni yangu mama alisimama na mzigo wa nguo kichwani, tayari kwa safari ya Sake, kama maelfu wengine. Akaniuliza: "Mwanangu, moto si ulishatokea kule Buhene? Sasa huku chini kunapasuka nini tena?"

Siku ile sikuwa na jibu. Nimelitafuta tangu wakati huo, na ninaliandika kwa ajili yake na kwa kila mtu anayelala juu ya mawe haya.

Tumezoea kusema kwamba volkano ndiyo inayopasua ardhi. Ukiangalia kwa muda mrefu, mambo huenda kinyume: ardhi ya hapa ilikuwa ikivutwa pande mbili mamilioni ya miaka kabla Nyiragongo haijazaliwa, na volkano ni kile kinachopenya penye mwanya. Afrika inagawanyika. Mmoja wa mishono inayofumuka unapita kati ya milima ya Masisi na milima ya Rwanda, yaani hapa hapa tulipojenga.

Kwamba bara zima linaweza kusogea, achilia mbali kugawanyika, wataalamu wengi walilikataa jambo hilo miaka mia moja iliyopita. Aliyelitetea kwa ushahidi mwingi zaidi alikuwa Mjerumani Alfred Wegener, na hakuwa mwanajiolojia. Kazi yake ilikuwa elimu ya hali ya hewa. Januari 1912, mjini Frankfurt, alisimama mbele ya wanajiolojia akasema mabara yote yaliwahi kuwa nchi kavu moja, kisha yakaachana. Nchi hiyo leo tunaiita Pangaea. Watu walikuwa wameona tangu zamani kwamba pwani ya Brazili na pwani ya magharibi ya Afrika zinaingiliana kama vipande viwili vya kibuyu kilichovunjika. Wegener hakuishia kwenye umbo. Alikusanya visukuku, yaani mabaki ya viumbe wa kale yaliyogeuka jiwe: Mesosaurus, mtambaazi mdogo aliyeishi majini, ambaye mabaki yake yanapatikana kusini mwa Afrika na huko Amerika Kusini, na ambaye asingeweza kuogelea Atlantiki nzima; na Glossopteris, mmea wenye majani yenye umbo la ulimi, ulioacha alama zake katika miamba ya Afrika, India, Australia, Amerika Kusini, hata Antaktika.

Halafu kuna barafu, na hapo sisi Wakongo tuna ushahidi nyumbani. Kalemie ni mji wa joto kwenye ufuko wa Tanganyika. Upande wa mto Lukuga kuna makaa ya mawe yaliyowahi kuchimbwa, na chini ya tabaka za makaa hayo kuna tope la kale lililogeuka mwamba, limechanganyika na kokoto na mawe ya kila ukubwa bila mpangilio wowote. Maji ya mto hupanga mawe: makubwa hapa, mchanga kule. Upepo nao hupanga. Barafu peke yake hubeba kila kitu pamoja, kisha ikiyeyuka hukimwaga kilipo. Barafu, Kalemie! Ilikuwa karibu miaka milioni 300 iliyopita, na alama za barafu hiyo hiyo ziko Afrika Kusini, Brazili na India. Ukiyaacha mabara mahali yalipo leo, barafu hiyo haielezeki. Ukiyarudisha pamoja upande wa ncha ya kusini ya dunia, inakuwa kofia moja kubwa ya barafu iliyofunika nchi zilizokuwa majirani.

Ushahidi ulikuwepo, lakini Wegener alishindwa swali moja: nguvu gani inasukuma bara? Alitaja mzunguko wa dunia na mvuto wa mwezi, na wanafizikia wakaonyesha kwamba nguvu hizo ni ndogo mno. Alifariki Novemba 1930 katika barafu ya Greenland, akirudi kutoka kuwapelekea wenzake chakula na vifaa, ana miaka 50 tu. Mwanajiolojia Alexander du Toit wa Afrika Kusini aliendelea kumtetea. Mwaka 1923 alikuwa amevuka bahari kwenda Amerika Kusini, akaikuta kule miamba aliyoijua nyumbani kwao, tabaka kwa tabaka.

Jibu la swali lile lilitoka chini ya bahari. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, Mmarekani Marie Tharp alikuwa akichora ramani ya sakafu ya Atlantiki kwa vipimo vya kina vilivyoletwa na meli ambazo yeye, kwa kuwa ni mwanamke, hakuruhusiwa kupanda. Aliona safu ya milima katikati ya bahari, na juu ya safu hiyo, katikati kabisa, bonde refu lenye kingo zilizosimama. Mwenzake Bruce Heezen alilipuuza, akasema ni porojo za wasichana. Kisha ramani ya matetemeko ya ardhi ikawekwa juu ya ramani yake, na matetemeko yakafuata bonde lile lile. Na bonde hilo lilifananishwa na nini? Na Bonde la Ufa la Afrika Mashariki. Ninapenda sana kulitaja hili. Ardhi yetu hii, inayoandikwa kila mara kwa ajili ya vita, ilisaidia watu kutambua kinachotokea katikati ya bahari ambayo hawakuweza kuiona.

Mwaka 1962 mwanajiolojia Mmarekani Harry Hess alieleza kwamba kwenye migongo hiyo ya bahari mwamba mpya hupanda, huganda, na kusogea pande zote mbili. Mwaka uliofuata, Waingereza Fred Vine na Drummond Matthews wakaonyesha kwamba mistari ya sumaku iliyohifadhiwa katika miamba ya sakafu ya bahari inalingana kulia na kushoto kwa mgongo, kama michirizi miwili iliyofumwa na fundi mmoja. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1960 nadharia ilikuwa imekamilika: tabaka gumu la juu la dunia limekatika katika mabamba makubwa saba na madogo mengi, yenye unene wa kilomita 100 hivi, na yote yanatembea.

Wengi hudhani mabamba yanaelea juu ya bahari ya moto, kama pirogi ziwani. Sivyo. Chini yake kuna koti la dunia, nalo ni mwamba mgumu karibu lote. Ila ni mwamba unaotiririka polepole. Angalia lami mahali ambapo malori mazito husimama kila siku: hakuna aliyeiyeyusha, bado ni ngumu chini ya kiatu, lakini baada ya miaka imebonyea na kusukumwa pembeni. Mwamba wa koti la dunia, wenye joto la zaidi ya nyuzi 1,000, hufanya vivyo hivyo kwa mamilioni ya miaka. Wa moto hupanda, uliopoa hushuka. Bamba la bahari lililozeeka na kupoa huzama na kuvuta lililobaki nyuma yake.

Chini ya Afrika Mashariki mwamba wa moto unapanda. Umeinua nchi yote, kuanzia Ethiopia hadi huku kwetu, na nchi iliyoinuliwa hutaka kuachana, upande huu na upande ule. Hivyo bara letu limepasuka kwa mikono miwili. Mkono wa mashariki unapita Ethiopia, Kenya na Tanzania. Mkono wa magharibi ni wetu, nao unaweza kuufuata kwa maziwa: Albert, Edward, Kivu, Tanganyika, Rukwa, kisha Nyasa. Tanganyika ina kina cha karibu mita 1,470, ni ziwa la pili kwa kina duniani, kwa sababu lilijaa katika mpasuko na si katika shimo lililochimbwa na mto. Magharibi ya mkono huu ni bamba la Nubia. Mashariki yake, ndani ya mikono miwili, kuna bamba dogo lililopewa jina la ziwa Victoria. Kigali iko juu ya hilo.

Sasa turudi mtaani. Mwamba ulio chini yetu ungeweza kuyeyuka kwa joto lake, ila uzito wa kilomita nyingi za mawe unaubana usiyeyuke. Bamba likivutwa likawa jembamba, mwamba wa chini hupanda, mbano hupungua, na sehemu yake ndogo huyeyuka bila kuongezewa moto wowote. Hiyo ndiyo magma. Kwa kuwa ni nyepesi kuliko mawe yaliyoizunguka, hutafuta njia ya juu, na njia iliyo rahisi ni ile ambayo ardhi tayari inaachana. Magma ya Nyiragongo ina silika kidogo sana (madini yanayoifanya magma iwe nzito kama ugali), kwa hiyo hukimbia kama uji usiokolea. Tarehe 10 Januari 1977 ziwa la lava lililokuwa kileleni lilijimwaga kupitia nyufa za mlima kwa muda usiofika saa moja. Tarehe 17 Januari 2002 nyufa ziliteremka kutoka mlimani kuelekea mjini, lava ikapita katikati ya Goma, ikafunika sehemu ya uwanja wa ndege na kuingia ziwani.

Na mwaka 2021? Lava ya juu ilitoka jioni ya Jumamosi tarehe 22 Mei, ikasimama kule Buhene, kabla ya kufika katikati ya mji. Lakini magma nyingine haikutoka kabisa. Ilijipenyeza kama kabari chini ya mji na kwenda chini ya ziwa, na kila ilipopasua mwamba tulitikiswa, mchana na usiku. Ufa wa barabarani kwetu ulikuwa ngozi ya juu ikichanika kwa sababu chini yake kabari ilikuwa inaingia. Kwa hiyo mama aliuliza sawasawa: moto wa Buhene na mpasuko wa mtaani ni mambo mawili ya tukio moja.

Watu wa Bukavu, kusini mwa ziwa Kivu, hawana volkano inayowaka juu ya paa zao, lakini mvuto ni ule ule. Jumapili asubuhi, tarehe 3 Februari 2008, tetemeko la kipimo cha 5.9 hivi liliwapiga wao na majirani zao wa Cyangugu, upande wa Rwanda. Na maji yanayopita pembeni ya mji wao yana habari yake. Zamani bonde la Kivu lilimwaga maji yake kaskazini, kuelekea ziwa Edward na Nile. Volkano za Virunga zilipoinuka zikaziba njia, maji yakapanda mpaka yakapata mlango kusini. Mlango huo ni Ruzizi, unaoteremka hadi Tanganyika. Mpasuko uliozaa volkano ndio uliogeuza mto.

Gesi nazo hufuata nyufa hizo hizo. Chini kabisa ya ziwa Kivu, lenye kina cha mita 485, kuna gesi ya kaboni na methani nyingi iliyoyeyuka majini, imebanwa na uzito wa maji kama ilivyobanwa ndani ya chupa ya soda iliyofungwa. Nchi kavu gesi ya kaboni hutoka polepole na kujikusanya kwenye mabonde madogo, kwa kuwa ni nzito kuliko hewa. Tunaiita mazuku. Haina rangi, na mbuzi aliyeteremka kunywa maji alfajiri penye mazuku hapandi tena. Mwenye watoto wadogo asiwaache wacheze kwenye mashimo hayo, hasa asubuhi kukiwa kumetulia bila upepo.

Je, Afrika itakatika kweli? Bahari ya Shamu inaonyesha mpasuko wa namna hii unavyoweza kuishia: Uarabuni ulikuwa sehemu ya Afrika, ukaanza kuachana nayo miaka milioni 30 hivi iliyopita, bonde likashuka, bahari ikaingia. Mpasuko mwingine huchoka na kukoma njiani. Wetu bado unaenda, taratibu kuliko nyingi. Katika eneo la Kivu pande mbili zinaachana kwa milimita 2 au 3 kwa mwaka, unene wa punje ya mchele, wakati kucha za vidole hukua zaidi ya mara kumi ya hapo. Ila hazisogei kila siku kwa kipimo. Mwamba hujizuia miaka mingi, kisha huachia kwa mara moja.

Juzi nilimweleza mama haya, tumekaa uani. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza: "Basi Gisenyi inatukimbia?" Nikamwambia hapana, Gisenyi na sisi tuko ndani ya bonde moja, wanaoachana ni milima ya Masisi nyuma yetu na milima ya Rwanda nyuma yao. "Na wameachana kiasi gani tangu nizaliwe?" Ana miaka sitini na kitu. Nikamwambia: haijapita shubiri moja. Alinyanyuka akaenda kwenye ukuta, ule tuliojenga kwa mawe ya mwaka 2002 yenye matundu matundu kama mkate, akatandaza mkono wake juu ya jiwe, kuanzia kidole gumba hadi kidole cha mwisho, akauangalia.