Angalizo kwa watahiniwa wa uzamili: Someni hukumu ya Bahari ya China Kusini kabla ya kuinukuu

Kutokana na ongezeko la maandiko ya utafiti kuhusu siasa za Asia yanayorejeshwa kwa marekebisho, kurugenzi yetu inatoa ufafanuzi ufuatao, bila kusudio la kumkatisha tamaa yeyote.

Hukumu ya tarehe 12 Julai 2016 kati ya Ufilipino na China haikutolewa na Mahakama ya Haki ya Kimataifa. Ilitolewa na jopo la wasuluhishi watano chini ya Thomas Mensah wa Ghana, lililoundwa kwa mujibu wa Kiambatisho cha Saba cha Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari wa mwaka 1982, huku Mahakama ya Kudumu ya Usuluhishi ikiwa masjala tu. Kwamba mahakama hizo mbili zimo katika jengo moja mjini The Hague si sababu ya kuzichanganya.

Wala jopo halikuamua visiwa ni vya nani, na tunashangaa dai hilo bado linaandikwa. Lilichoamua ni kwamba haki za kihistoria zinazodaiwa ndani ya mstari wa vipande tisa, ambao China huuchora kwenye ramani kuonyesha madai yake katika bahari hiyo, hazina msingi wa kisheria pale zinapovuka mipaka ya mkataba, na kwamba hata Itu Aba, kisiwa cha asili kikubwa kuliko vyote katika visiwa vya Spratly vya bahari hiyo, kisheria ni mwamba usioweza kukimu makazi ya watu, hivyo haustahili eneo la kipekee la kiuchumi la maili 200 za baharini. Ili kufika hapo, jopo lilichunguza maji ya visima, udongo, wavuvi kutoka Hainan na wachimbaji wa mbolea ya ndege waliowahi kuishi humo, likaona hapakuwa na jumuiya ya kudumu. Sehemu hiyo peke yake inatosha tasnifu nzima.

China haikushiriki na inaikataa hukumu hiyo. Waraka wake wa Desemba 2014 unaoeleza msimamo huo nao unukuliwe. Kuegemea upande wowote si kosa, mradi hoja ziwepo.

Andiko linalotaja hukumu bila namba ya aya litarejeshwa. Mtahiniwa ataambatisha barua ya marekebisho, msimamizi ataisaini, idara itaigonga muhuri, ndipo kamati itakapoipokea. Likirejeshwa mara ya pili, litahesabiwa kuwa andiko jipya na ada italipwa upya. Marekebisho yanayotumwa kwa wajumbe kupitia WhatsApp hayatapokelewa.