Ombwe halina gundi: dhana potofu kuhusu nguvu ya mchanga

Wakandarasi wanaofika katika maabara ya udongo hapa Nakuru na kukuta sampuli ya mchanga mkavu imesimama wima ndani ya ngozi yake ya mpira, huku pampu ikifyonza hewa, huondoka wakiamini kwamba ombwe, yaani ile hali ya kukosa hewa, limezigandisha chembe. Imani hiyo nimeisikia hadi imenichosha.

Ombwe halishiki kitu. Kinachofanya kazi ni hewa iliyo nje ya mpira: ya ndani ikishapunguzwa, ile ya nje hukosa wa kuipinga, ikazibana chembe, na chembe zilizobanwa hazitelezi kwa urahisi. Nguvu ya mchanga mkavu ni shinikizo baina ya chembe likizidishwa kwa tanjenti ya pembe ya msuguano, yaani kipimo cha jinsi chembe zinavyokataa kuteleza. Kwa hiyo mchanga wenye pembe ya nyuzi 35, ukibanwa kwa kilopaskali 60 (kilopaskali ni kipimo cha shinikizo), huhimili takriban kilopaskali 42. Pembe ni ileile. Kilichoongezeka ni mbano. Anayebisha na aiweke sampuli hiyohiyo katika chumba kisicho na hewa hata chembe, ndani wala nje ya mpira, aone itakavyoporomoka. Ndiyo sababu pampu, hata iwe ghali namna gani, haiwezi kubana kupita shinikizo la hewa ya mahali ilipo: takriban kilopaskali 81 hapa Nakuru kwenye mwinuko, au 88 kule Kisumu, ilhali Mombasa inakaribia 101. Geji inayokuonyesha 100 hapa ni mbovu.

Wengine hudai kwamba mwezini, kwa kukosa hewa, udongo hauna nguvu. Surveyor 1, chombo cha Marekani kisicho na watu, kilitua huko mwaka 1966 na hakikuzama, na nyayo za wanaanga za mwaka 1969 zilibaki na kingo zilizosimama bila tone la maji, kwa kuwa chembe za huko zina ncha zinazopachikana. Ni kweli kwamba ombwe kali huondoa utando wa gesi na maji juu ya chembe, zikagusana moja kwa moja. Lakini mshikamano wa udongo huo wa juu, yaani nguvu ya chembe kushikana zenyewe bila kubanwa, ni takriban kilopaskali 1 au pungufu.

Hatari zaidi ni dhana ya kwamba mtaro wa mchanga uliosimama jana utasimama na leo. Unyevu baina ya chembe huzivuta pamoja kwa shinikizo lililo chini ya lile la hewa, na mvuto huo hutoweka mchanga ukikauka au ukilowa chepechepe. Egemezeni kuta kwa mbao kabla mchimbaji hajashuka, si baada ya mvua.