"Gorbachev alinunuliwa": jibu langu kwa mara ya mwisho

Kila nikimaliza mhadhara wa wazi, kipaza sauti hakijafika safu ya tatu, mkono umeshanyanyuka. Najua kinachokuja. "Mwalimu, ahsante kwa somo, lakini mbona umekwepa? Gorbachev alinunuliwa. Umoja wa Kisovieti uliuliwa na Marekani." Yaani Mikhail Gorbachev, kiongozi wa mwisho wa Umoja huo, alilipwa ili auvunje. Ukumbi mzima unatikisa vichwa kuafiki. Juzi nimeambiwa hivyo hivyo ndani ya daladala, na mtu aliyechungulia jalada la kitabu changu. Nimechoka kulijibu kwa mdomo.

Tufungue kalenda. Tarehe 1 Agosti 1991 Rais George H. W. Bush alisimama mbele ya bunge la Ukraine mjini Kyiv. Kama Washington ilikuwa na mpango wa kuuvunja Umoja, basi pale ndipo pa kuchochea. Yeye aliwaonya Waukraine dhidi ya utaifa wa kujiangamiza, na kwao Marekani akachekwa magazetini kwa woga. Hofu yake ilikuwa na sababu: silaha za nyuklia zilikuwa zimetapakaa katika jamhuri nne, yaani Urusi, Ukraine, Belarus na Kazakhstan. Alitaka ufunguo ubaki kwa mtu mmoja anayemjua, na mtu huyo alikuwa Gorbachev.

Nani basi aliuvunja? Lithuania, mojawapo ya jamhuri za Umoja, ilitangaza uhuru wake tarehe 11 Machi 1990. Miezi mitatu baadaye, tarehe 12 Juni, bunge la Urusi nalo likatangaza kwamba sheria za Urusi ziko juu ya sheria za Umoja. Hapa ndipo wasikilizaji wangu hunikodolea macho: Urusi ijitoe Urusi? Kosa ni la ndimi zetu. Tulizoea kuuita Umoja mzima "Urusi" na kila raia wake "Mrusi", hata awe Muuzbeki au Mgeorgia. Urusi ilikuwa jamhuri moja kati ya 15, na Juni 1991 ilipata rais wake wa kuchaguliwa na wananchi, Boris Yeltsin. Gorbachev hakuwahi kupigiwa kura na wananchi kuwa rais. Jiji moja la Moscow, marais wawili, na mmoja tu mwenye kura za watu mfukoni.

Agosti 19 mwaka huo yakaja mapinduzi dhidi ya Gorbachev. Waliyapanga kina nani? Makamu wa rais wa Gorbachev mwenyewe, waziri mkuu wake, waziri wake wa ulinzi na mkuu wake wa KGB, idara ya ujasusi. Walitaka kuwahi, kwa sababu kesho yake ulikuwa utiwe saini mkataba mpya wa kulegeza Umoja. Yalidumu siku tatu. Wakiwa na nia ya kuuokoa Umoja, ndio walioupiga pigo lisilopona: jamhuri zilizokuwa zinasitasita zikakimbilia mlangoni. Desemba 1, zaidi ya asilimia 90 ya waliopiga kura Ukraine walichagua uhuru. Desemba 8 viongozi wa Urusi, Ukraine na Belarus wakakutana kwenye msitu wa Belovezha na kuandika kwamba Umoja haupo tena.

"Lakini Yeltsin alimpigia Bush simu kabla Gorbachev hajaambiwa!" Ndiyo, alimpigia. Kumpa mtu taarifa ya ndoa iliyokwisha kufungwa hakumfanyi mshenga.

Sisemi Marekani ilikaa imekunja mikono. Iliwapa makombora wapiganaji wa Afghanistan waliopambana na jeshi la Kisovieti, ikashindana kwa silaha, na bei ya mafuta ilipoanguka 1986 Moscow ilibaki haina fedha za kigeni. Hayo yaliuchosha Umoja. Lakini Cuba imebanwa kwa vikwazo vya Marekani tangu miaka ya 1960 na chama chake bado kimekalia kiti. Na kinachoniudhi zaidi katika hadithi ya kununuliwa ni kwamba inawafuta watu. Tarehe 23 Agosti 1989 karibu watu milioni mbili walishikana mikono kudai uhuru kutoka Vilnius, kupitia Riga, hadi Tallinn, miji mikuu ya Lithuania, Latvia na Estonia. Nani aliwalipa wote hao?

Ushauri wangu ni ule ule ninaowachosha nao wanafunzi: chukua karatasi, andika tarehe kumi kwa mpangilio, ndipo uwe na maoni. Wengi hawafiki ya nne.

Mengine nayapitia haraka. Ukuta wa Berlin haukuangushwa na hotuba ya Rais Reagan wa Marekani ya 1987. Usiku wa Novemba 9, 1989, msemaji wa chama tawala cha Ujerumani Mashariki, Günter Schabowski, aliulizwa ruhusa mpya ya kusafiri inaanza lini, akapekua makaratasi yake, akasema kadiri ajuavyo ni sasa hivi. Watu wakafurika mpakani na walinzi wa kivuko cha Bornholmer Straße wakazidiwa.

Wala nchi zote za kikomunisti za Ulaya hazikuwa chini ya Moscow. Yugoslavia ilifarakana nayo mwaka 1948, na mji mkuu wake, Belgrade, ndiko ulikofanyika mkutano wa kwanza wa wakuu wa nchi zisizofungamana na upande wowote, 1961.

"Umoja ulipovunjika, mali ya umma ya Urusi iligawiwa sawasawa." Kwenye karatasi, ndiyo. Mzee mmoja aliyesoma uhandisi Moscow huniletea vocha yake kila mhadhara, yaani hati ya kupatia hisa za viwanda vya serikali. Ameihifadhi ndani ya nailoni. (Vijana hucheka: vocha ya kukwangua?) Imeandikwa rubo 10,000. Kuanzia Oktoba 1992 kila raia wa Urusi alipewa moja, hata mtoto mchanga, na hii aliachiwa na jirani yake wa bweni. Mwaka huo huo bei zilipanda zaidi ya mara 20. Mwenye njaa aliiuza vocha barabarani, na wakurugenzi wa viwanda pamoja na wenye fedha wakazikusanya.

Na wanaozikumbuka enzi zile si lazima wanataka zirudi. Mama wa Leipzig, iliyokuwa Ujerumani Mashariki, anakumbuka chekechea ya mtoto wake na kazi isiyokuwa na mashaka. Muulize mzee wa Kikwajuni, Unguja, kuhusu fleti zilizojengwa kwa msaada wa Ujerumani Mashariki. Atakusifia kuta zake mpaka uchoke, na Stasi, polisi wa siri wa nchi hiyo, hataitaja hata mara moja.